Ibrahim wa Parga, Rafiki wa Sultani

Wanangu, fungueni ramani mtafute Ugiriki, kisha mfuate pwani yake ya magharibi, upande unaotazamana na Italia. Hapo pana mji mdogo uitwao Parga. Mwishoni mwa karne ya 15 mji huo ulikuwa chini ya Venice, na watu wake waliishi kwa bahari. Humo, karibu na mwaka 1494, alizaliwa mtoto wa kiume katika nyumba ya mtu wa bahari. Angali mdogo alitekwa, akavushwa mpaka, akauzwa. Alipofikia umri wa miaka thelathini hivi, mtoto huyo alikuwa waziri mkuu wa Dola ya Uthmaniya. Amri zake zilisomwa kuanzia Belgrade hadi Makka, na makamanda wakongwe walisimama alipopita.

Historia inamjua kwa jina alilopewa utumwani, Ibrahim. Nitawasimulia maisha yake, na njiani nitawaeleza kwa nini alipanda haraka vile, kwa sababu jambo lililompandisha ndilo lililokuja kumwangusha.

Tuanze na utumwa wenyewe. Sisi wa pwani hii tukitajiwa mtumwa, tunaona minyororo, soko la Zanzibar na mashamba ya mikarafuu. Istanbul nako watumwa wa jasho walikuwepo, wakivuta makasia na kutumika majumbani. Lakini ikulu ilikuwa na watumwa wa aina nyingine. Watoto wa Kikristo kutoka nchi za Balkan walichukuliwa kwa wazazi wao, wakasilimishwa, wakafundishwa kusoma na kuandika, kupanda farasi, kupiga upinde, na adabu za kusimama mbele ya mfalme. Waliokuwa hodari wakawa makamanda, magavana na mawaziri. Msidhani vyeo hivyo vilifuta ubaya wa jambo. Mama wa Parga alinyang'anywa mwanawe, na hakuna cheo kinacholipa hilo.

Ninachotaka mkione ni hesabu ya masultani. Mtu wa ukoo mkubwa ana ardhi, ana wajomba, ana wapiganaji wanaomfuata yeye. Siku akikasirika anaweza kumtikisa mfalme. Mtumwa wa ikulu hana mjomba. Chakula anachokula, joho analovaa, farasi anayempanda, vyote vimetoka kwenye mkono mmoja. Basi Sultani alimkabidhi mtumwa wake mambo ambayo hakuthubutu kumkabidhi mtu wa nasaba. Na mkono uliompa ukiamua kumnyang'anya, nani atamtetea? Lishikeni swali hilo.

Ibrahim aliingia kwanza katika nyumba ya mwanamke mwenye mali, ambaye aliiona akili ya kijana huyo akamsomesha. Kigiriki alikuwa nacho tangu kwao. Akaongeza Kituruki, Kiajemi na Kiitaliano. Akajifunza kupiga fidla, na akaipiga vizuri kiasi cha watu kusimama kumsikiliza. Ndipo akakutana na kijana wa rika lake, Suleiman, mwana wa Sultani Selim, ambaye mwaka 1513 alipelekwa Manisa, magharibi ya Uturuki, awe gavana na ajifunze kutawala.

Wawili hawa wakapendana. Kwetu kijana ana kaka zake, ana binamu, ana marafiki wa mtaani. Katika ukoo wa Uthmani ndugu wa kiume alikuwa mshindani wa kiti, na Selim mwenyewe aliwaua ndugu zake ili atawale bila mpinzani. Suleiman alikulia katika nyumba ambamo damu moja ilikuwa hatari. Ibrahim hakuweza kumnyang'anya kiti hata angetaka, kwa kuwa mtumwa kutoka Parga hawi Sultani kamwe. Kwake Suleiman aliweza kucheka, kuwinda, kusikiliza fidla na kulala usingizi bila kuogopa.

Mwaka 1520 Selim alifariki, na Suleiman akakalia kiti akiwa na miaka 25. Ndiye ambaye Wazungu walimwita Mtukufu, na watu wake wakamwita Mtunga Sheria. Ibrahim akawa mkuu wa chumba chake cha ndani, na pia msimamizi wa kozi, wale ndege wa kuwindia. Vyeo hivyo vinaonekana vidogo, lakini katika ikulu ambamo mawaziri walisubiri siku nyingi kuiona sura ya Sultani, msimamizi wa chumba alimwona asubuhi, mchana na usiku.

Halafu ukaja mwezi Juni wa mwaka 1523. Waziri mkuu mzee, Piri Mehmed Pasha, aliondolewa. Kila mtu alijua anayefuata ni waziri wa pili, Ahmed Pasha, mwanajeshi aliyekuwa vitani Rhodes. Kwa desturi mtu alianza ugavana wa wilaya, akapanda jimbo, akaingia barazani, na ndipo baada ya miaka mingi akakabidhiwa muhuri. Suleiman aliivunja desturi hiyo kwa siku moja. Alimtoa Ibrahim chumbani akampa muhuri wa dola, na juu yake akampa ugavana wa Rumelia, yaani nchi zote za Ulaya zilizokuwa chini ya Waothmani.

Husimuliwa kwamba Ibrahim aliogopa. Alimwomba bwana wake asimpandishe juu mno, maana akianguka kutoka hapo atakufa. Nao wasimulizi wanasema Suleiman aliapa kuwa maadamu yeye ni Sultani, Ibrahim hatauawa kwa amri yake.

Ahmed Pasha hakuvumilia. Aliomba apewe Misri, akapewa, na alipofika Cairo akajitangaza kuwa sultani, akapiga sarafu kwa jina lake na kuamuru hutuba ya Ijumaa isomwe kwa jina hilo. Mwaka 1524 akauawa na watu waliobaki waaminifu kwa Istanbul. Hata hivyo nchi ilikuwa imevurugika, hazina haijulikani iko wapi, na wakulima hawajui walipe kodi kwa nani.

Mwaka huohuo Ibrahim alioa. Harusi ilifanyika kwenye uwanja mkubwa wa Istanbul uliokuwa wa mashindano ya farasi tangu enzi za Warumi, na sherehe ziliendelea zaidi ya wiki mbili, Sultani mwenyewe akihudhuria. Wengi wenu mmeona tamthilia ya Kituruki inayomwonyesha akimwoa Hatice, dada wa Suleiman. Vitabu vingi vya zamani vilisema hivyo pia. Wanahistoria waliopekua barua zake wamemkuta mke mwingine, Muhsine, binti wa nyumba ya watu wakubwa, na barua alizomwandikia akiwa safarini zimehifadhiwa hadi leo.

Sasa tunafika kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote katika maisha haya, na inatugusa hata sisi wa Bahari ya Hindi.

Baada ya harusi, Sultani alimtuma waziri wake Misri akaitengeneze. Walipoagana, Suleiman alimsindikiza baharini hadi visiwa vilivyo mbele ya Istanbul, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuona sultani akimfanyia mtumishi. Safari ilianza wakati mbaya, mwisho wa mwaka, pepo zikiwa kali. Merikebu zilipigwa na dhoruba zikayumbishwa hadi Rhodes. Rubani wao alikuwa baharia mzee mwenye maarifa mengi aliyeitwa Piri Reis. Kila bahari ilipochafuka, Ibrahim alimwona rubani akifungua kitabu, anatazama, anafunga, anatoa amri. Akamuuliza ni kitabu gani hicho. Piri Reis akamwonyesha: ilikuwa kazi yake mwenyewe, michoro ya bandari, miamba, mikondo na visima vya maji matamu vya Bahari ya Mediterania, aliyoikusanya miaka mingi.

Hebu mfikirini huyo waziri. Yuko katikati ya tufani, amebeba mzigo wa nchi nzima, na bado ana macho ya kuona kitabu mkononi mwa mtu mwingine. Alimhimiza Piri Reis akiandike upya vizuri, kisha yeye atakifikisha kwa Sultani. Ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1526 Kitabu cha Bahari kiliwekwa mbele ya Suleiman, na leo nakala zake ni miongoni mwa hazina kubwa za ujuzi wa ubaharia duniani. Bila dhoruba ile na bila udadisi wa Ibrahim, huenda kingebaki katika sanduku la rubani.

Bahari ilipokataa kabisa, msafara ulishika njia ya nchi kavu kupitia Sham, na katika majira ya machipuko ya mwaka 1525 ukaingia Cairo. Ibrahim alikaa huko miezi michache tu. Katika muda huo aliwasikiliza wenye malalamiko, akawafungua watu waliokuwa gerezani kwa sababu ya madeni, akaiweka hazina mahali pamoja, na akasimamia uandishi wa sheria ya Misri ya mwaka 1525.

Sheria yenyewe ilishughulikia mambo ya kila siku. Ilieleza kodi ya shamba inakusanywa vipi na nani asiguse fedha hiyo. Ilieleza askari wa namna gani watakaa Misri na mishahara yao. Iliwabana maofisa wa wilaya wahakikishe matuta na mifereji ya Mto Nile inazibuliwa na kutengenezwa kabla ya mafuriko, kwa sababu Misri bila mifereji ni njaa. Haikuwa sheria ya huruma, kwani adhabu zake zilikuwa kali. Lakini mkulima sasa alijua anadaiwa nini, na ofisa alijua ataulizwa nini. Misri iliendeshwa juu ya msingi huo kwa vizazi vingi.

Huko Cairo ndiko habari za bahari yetu zilipomfikia. Tangu Vasco da Gama alipopita mwaka 1498, Wareno walikuwa wameishika Bahari ya Hindi kwa mizinga. Mwaka 1505 waliipiga Kilwa na Mombasa. Pilipili na viungo ambavyo zamani vilipanda Bahari ya Sham hadi Misri, na kulipa ushuru pale, sasa Wareno walitaka vizunguke Afrika nzima hadi Lisbon. Kwa hiyo jambo lililowaumiza watu wa Kilwa liliumiza pia hazina ya Cairo. Baharia mmoja, Selman Reis, aliandika ripoti mwaka huo wa 1525 kwa ajili ya Ibrahim. Aliorodhesha merikebu na mizinga iliyokuwa imelala Jeddah, akaeleza ngome za Wareno moja baada ya nyingine, akasema wanaweza kupigwa. Ibrahim alimsikiliza. Selman akapewa merikebu, akatumwa upande wa Yemen.

Msaada huo haukutosha kuiokoa pwani yetu wakati ule. Mwaka 1528 Mreno mwingine, Nuno da Cunha, aliingia Mombasa akaiteketeza. Lakini mlango wa Bahari ya Sham ulibaki kwa Waothmani, na miaka mingi baada ya Ibrahim kufa, nahodha wao Mir Ali Bey alifika mpaka Mombasa. Wareno walimkamata huko mwaka 1589, na miaka minne baadaye wakaanza kujenga Fort Jesus, ngome ambayo wengi wenu mmeitembelea mkiwa na walimu wenu. Ukifuata uzi wa ukuta ule kurudi nyuma, unafika kwenye chumba cha Cairo ambamo mvulana wa Parga alisoma ripoti ya baharia.

Nimekaa sana Misri, nanyi najua mnasubiri vita.

Ibrahim aliitwa nyumbani haraka, kwa kuwa Majanisari, askari wa miguu wa Sultani, walikuwa wameasi Istanbul na kupora jumba lake. Maasi yalizimwa, na dawa ya askari wasiotulia ilikuwa ileile ya siku zote: wapelekwe vitani. Mwaka 1526 jeshi lilikwenda Hungaria, Ibrahim akitangulia na majeshi ya Rumelia. Aliiteka ngome ya Petrovaradin kando ya Mto Danube. Walipofika Mto Drava likajengwa daraja la mbao kwa siku chache. Jeshi lote lilipokwisha kuvuka, daraja likabomolewa kwa ushauri wake, ili kila askari ajue kwamba njia ya kurudi ni kushinda.

Tarehe 29 Agosti 1526, kwenye uwanda wa Mohács, wapanda farasi wa Hungaria wenye deraya nzito walishuka kwa kishindo. Pigo la kwanza liliwapata watu wa Rumelia, nao wakarudi nyuma. Wahungaria wakadhani wameshinda, wakawafuata, na ghafla wakajikuta mbele ya mizinga iliyofungwa pamoja kwa minyororo, na nyuma ya mizinga wamesimama Majanisari na bunduki zao. Vita viliisha kwa saa chache tu. Mfalme Louis wa Pili, kijana wa miaka 20, alikufa maji kwenye kijito akikimbia. Ufalme wa Hungaria, uliokuwa na nguvu kwa miaka mingi, ulivunjika jioni ile, na wakulima wake waliuawa, walichomewa vijiji na kuchukuliwa utumwani. Nawaambia hilo kwa makusudi. Mtoto aliyetekwa Parga sasa aliongoza jeshi lililoteka watoto wa wengine, na hakuna andiko lake ninalolijua linalosema kwamba jambo hilo lilimkosesha usingizi.

Kutoka ikulu ya Buda, makao ya mfalme wa Hungaria, alileta nyara za ajabu: sanamu za shaba za miungu ya kale ya Wagiriki na Warumi. Akazisimamisha mbele ya jumba lake, uwanjani, mbele ya macho ya Waislamu wa Istanbul. Manung'uniko yakaanza. Mshairi mmoja, Figani, akahusishwa na beti zilizomlinganisha waziri na Nabii Ibrahim, aliyeyavunja masanamu badala ya kuyasimamisha. Figani alikamatwa, akazungushwa mjini juu ya punda, akauawa. Mshairi wa kwetu anajua uzito wa beti mbili zilizokaa vizuri. Kumwua mtunzi hakukuzifuta midomoni mwa watu, na tendo hilo ni doa kwa waziri aliyejiita mpenzi wa elimu.

Maana elimu aliipenda kweli. Balozi wa Venice aliyemwona siku hizo alimweleza kuwa mtu mwembamba, mpenda kusoma vitabu vya Iskandar Mkuu na Hannibal, na mtunzi wa nyimbo akishirikiana na mwanamuziki Mwajemi aliyeishi nyumbani kwake. Alikula na Sultani, na walipotengana kwa siku moja waliandikiana vijikaratasi. Wazazi wake aliwatafuta akawaleta. Baba yake akasilimu, akaitwa Yunus, akapewa cheo. Ni mara chache katika habari za watumwa tunamwona mtoto akirudi kwa mama yake, na hapo moyo wangu unamlainikia.

Mwaka 1529 alipewa cheo cha kamanda mkuu wa majeshi yote, na mshahara ambao hakuna waziri aliyewahi kuupata. Mwaka huo waliuzingira mji wa Vienna. Mvua zilinyesha njia nzima, mizinga mikubwa ikanasa kwenye matope na kuachwa nyuma, na katikati ya Oktoba, baridi ikibisha hodi, wakaondoka bila mji. Mwaka 1532 walirudi upande ule wakazuiwa na ngome ndogo ya Kőszeg, iliyolindwa na Nikola Jurišić na watu wasiofika elfu moja. Mwezi Agosti wote ulipotea pale.

Mkono uliposhindwa, fahari ilitumika. Mafundi wa dhahabu wa Venice walitengeneza kofia ya chuma yenye mataji manne, moja juu ya lingine, iliyopambwa almasi, lulu na zumaridi. Papa wa Roma alikuwa na taji la ngazi tatu, kwa hiyo la nne lilisemwa bila maneno. Kofia hiyo ilionyeshwa kwa mabalozi wa Ulaya ili waogope. Ibrahim alielewa kwamba mtu anaweza kushindwa kwa macho kabla hajashindwa kwa upanga, na hapo alikuwa mbele ya watu wengi wa zama zake.

Mwaka uliofuata mabalozi wa Ferdinand wa Austria walikuja kuomba amani, na mapatano yalimtaka Ferdinand amwite Ibrahim ndugu. Ulimi hauna mfupa, na siku hizo ulimi wa waziri ulikwenda mbali. Mabalozi waliandika aliyowaambia. Aliwaambia kwamba yeye ndiye anayetawala dola hii kubwa, kwamba akitoa jimbo limetolewa na akikataa limekataliwa, na kwamba hata Sultani akitaka kutoa kitu, bila ridhaa yake hakitoki. Kisha akawapa mfano wa simba. Simba hafugwi kwa nguvu, alisema, hufugwa kwa werevu, kwa chakula anacholetewa na mlinzi wake, na mlinzi hushika fimbo ya kumtishia. Mfalme ni simba, mawaziri ndio walinzi wake.

Maneno kama hayo hayabaki chumbani. Tena ikulu ilikuwa imebadilika. Hurrem, mke wa Sultani, sasa alikuwa na sikio la Suleiman na wana wa kuwapigania, na hakumpenda waziri huyu. Wapinzani walikuwa wengi: waliorukwa cheo, waliochukia sanamu, walioona wivu tu.

Mwishoni mwa mwaka 1533 Ibrahim alitumwa kupigana na Uajemi wa Shah Tahmasp. Aliingia Tabriz mwaka 1534, lakini Shah hakukubali kusimama wapigane. Alirudi nyuma akiunguza kila kitu, akaacha nchi tupu. Sultani alipomfuata, jeshi lilivuka milima kuelekea Baghdad katika theluji, wanyama wakafa, mizinga ikaachwa. Baghdad ilifunguliwa bila vita mwishoni mwa mwaka huo, na Suleiman akalijenga upya kaburi la Imamu Abu Hanifa. Huo ulikuwa ushindi mkubwa, lakini gharama yake ilimtisha kila aliyeiona. Katika safari hiyo Ibrahim aligombana na mhazini mkuu, Iskender Çelebi, mtu mwenye mali na wafuasi, na ugomvi ukaisha kwa Iskender kunyongwa Baghdad mwaka 1535. Tena akakubali kuitwa kwa cheo cha kamanda chenye neno sultani ndani yake. Katika Uajemi na nchi za Wakurdi hata machifu wadogo hutumia neno hilo, walisema waliomtetea. Istanbul kulikuwa na sultani mmoja tu.

Walirudi nyumbani mwanzoni mwa mwaka 1536. Hakuna aliyeona dalili. Ibrahim alizungumza na balozi wa Ufaransa, Jean de La Forêt, habari za biashara kati ya nchi mbili, akaendelea na baraza kama kawaida. Ilikuwa Ramadhani. Katikati ya Machi Sultani alimwita ikulu, wakala pamoja, na usiku akalala kwenye chumba alichozoea kulala, karibu na cha rafiki yake. Asubuhi ya tarehe 15 maiti yake ilitolewa. Alikuwa amenyongwa usiku kwa amri ya Suleiman. Alizikwa kimya ng'ambo ya ghuba ya Pembe ya Dhahabu, kaburi lisiwekwe jina. Mali zake zote zikarudi hazina.

Sasa lile swali: nani alimtetea? Hakuna, na hakukuwa na mtu wa kuweza. Ahmed Pasha alipoasi, alipata askari wa kumfuata angalau kwa miezi michache. Ibrahim, aliyekuwa mkubwa kuliko yeye mara kumi, hakuwa na hata kijiji kimoja ambacho kingechukua silaha kwa ajili yake. Nguvu yake yote ilikuwa katika moyo wa mtu mmoja, na moyo ule ulipogeuka haikuhitajika kesi wala jeshi. Watu wamebishana kwa karne tano ni Hurrem, au ni kiburi, au ni Iskender. Naona kila mmoja alichangia, lakini hata bila wao mlango ule ulikuwa wazi tangu Juni 1523. Sultani aliyempa mtumwa mamlaka kwa sababu hana ukoo alijua pia kwamba atamwondoa bila kuogopa ukoo wowote. Kuhusu kile kiapo cha ujana, kama kilikuwapo, wasimulizi wa Istanbul wana hadithi nyingi za jinsi Suleiman alivyokizunguka kwa fatwa. Mimi simsamehe.

Jumba lake bado limesimama uwanjani pale, na leo ndilo Makumbusho ya Sanaa za Kituruki na Kiislamu. Sanamu za Buda zilikwisha kuondolewa zamani. Wenyeji wakiwasimulia wageni habari za Ibrahim hutaja Mohács kwanza. Mimi ningetaja Cairo. Mohács ilimletea jina kwa kuvunja nchi ya watu. Cairo, kwa miezi michache ya mwaka 1525, alifungua magereza ya wadeni, akalinda mifereji ya wakulima na kusikiliza mabaharia wenye maarifa, na hiyo ndiyo kazi yake iliyo bora kuliko zote.